Kukasimu Madaraka Kampuni Changa Inapokua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waanzilishi Uganda

Majibu haya yanamhusu mwanzilishi mwenye wafanyakazi kati ya 5 na 50, awe Ntinda, Mbarara, Gulu au Busia, ambaye biashara inamkimbiza kuliko yeye anavyoikimbiza. Viwango vya pesa ndani ya mifano ni vya kuonyesha mpangilio tu. Vibadilishe viendane na mapato yako. Viwango vya kodi na masharti ya sheria ni vya kweli.

Kukasimu kuna tofauti gani na kumtuma mtu kazi?

Ukimwambia keshia "mlipe yule fundi 180,000," umemtuma. Ukimwambia "matengenezo ya ofisi ni yako, una 600,000 kwa mwezi, fundi mtafute mwenyewe, ninachotaka ni umeme na maji visikatike nusu siku nzima," umemkasimu. Katika hali ya kwanza uamuzi umebaki kwako, yeye ametoa nguvu zake tu. Katika hali ya pili uamuzi umehama.

Waanzilishi wengi huamini wamekasimu kwa sababu hawabebi tena maboksi wala hawapangi foleni benki. Ukweli ni kwamba wamegawa miguu, kichwa wamebaki nacho. Kazi hazikwami kwa kukosa mikono. Zinakwama kwa kusubiri jibu la mtu mmoja ambaye yuko kwenye mkutano, au kwenye foleni ya magari Jinja Road, au amelala.

Kipimo ni rahisi. Hesabu ni mara ngapi kwa siku unasikia "Bosi, tufanyeje?" Kila swali la namna hiyo ni uamuzi ambao hujaukabidhi, hata kama kazi yenyewe uliikabidhi zamani.

Nitajuaje kwamba wakati umefika?

Mkiwa watu 5, kuna jozi 10 za watu wanaoweza kuongea wao kwa wao. Mkifika 15, jozi ni 105. Mkifika 30, ni 435. Ndiyo maana utaratibu wa kila mtu kumuuliza mwanzilishi, uliofanya kazi vizuri mlipokuwa chumba kimoja, huanza kuvunjika mkifika kati ya watu 10 na 15, bila mtu yeyote kuwa mvivu.

Dalili nyingine zinaonekana kwa macho: oda zinatoka haraka siku uliyopo na zinalala siku uliyosafiri, wafanyakazi wazuri wamekaa wanasubiri, ukiugua siku 3, mishahara inachelewa. Ukiona hata moja, umeshachelewa kidogo. Anza wiki hii.

Nianze kukabidhi kazi zipi?

Usiorodheshe kwa kukumbuka. Kumbukumbu hukuletea kazi kubwa na kuficha zile ndogo zinazokula siku. Chukua kaunta buku, na kwa siku 5 za kazi andika kila uamuzi ulioombwa, pamoja na jumbe za WhatsApp na simu. Safu 4 zinatosha: nani aliuliza, aliuliza nini, ulijibu nini, jibu lilikuchukua dakika ngapi. Dakika za kufikiri zihesabu pia.

Mwisho wa wiki tafuta majibu yanayofanana. Ikiwa umejibu swali lilelile mara 4 na jibu lilikuwa lilelile, tayari una kanuni kichwani. Iandike na uitoe. Mfano: mara 6 kwa wiki umeulizwa kama mteja anaweza kurudishiwa pesa, na mara zote 6, zote chini ya 50,000, ulikubali. Basi wahudumu wa wateja warudishe mpaka 50,000 bila kukuuliza. Siku moja ya mawazo, na maswali 6 kwa wiki yameondoka.

Baada ya hayo njoo kwenye maamuzi yanayorekebishika. Ratiba ya wasambazaji ukiikosea leo, kesho unaipanga upya. Mkataba wa pango wa miaka 3 ukiukosea, umekaa nao miaka 3. Kabidhi ya kwanza mapema, ya pili taratibu.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mwanzilishi kukabidhi kazi anazozichukia na kung'ang'ania anazozipenda. Mhandisi aliyeanzisha kampuni ya programu hukabidhi mauzo siku ya kwanza, kabla hata hajajua nani ananunua na kwa nini, kisha anaendelea kuandika msimbo mpaka usiku. Mauzo ya mwanzo ni yako. Kukabidhi kitu usichokielewa ni kukitupa, na hutaweza hata kujua kama aliyekipokea anakifanya vizuri.

Kuna kazi ambazo sipaswi kukabidhi kabisa?

Zipo chache: kuamua kampuni inakwenda wapi, kuajiri na kuachisha watu walio chini yako moja kwa moja, mazungumzo ya hisa na wawekezaji, na kujua pesa zilizobaki benki zitatosha miezi mingapi. Hiyo ya mwisho mwingine anaweza kukuandalia jedwali, lakini namba uijue wewe bila kufungua kompyuta.

Nawaachiaje wengine pesa bila kuibiwa?

Hili ndilo swali linalowazuia waanzilishi wengi, na woga wao una sababu. Ila dawa wanayoitumia, yaani kushika kila shilingi wenyewe, haizuii wizi. Mtu mmoja aliyechoka akiidhinisha malipo 40 kwa siku kwenye simu hasomi hata moja. Kinachozuia ni mpangilio wa mambo manne.

La kwanza ni viwango. Tuseme kampuni inatumia milioni 40 kwa mwezi. Kiongozi wa timu anaweza kuidhinisha mpaka 200,000 kwa manunuzi mamoja, na isizidi 1,000,000 kwa wiki. Meneja wa shughuli mpaka 1,500,000 kwa manunuzi mamoja, na 6,000,000 kwa mwezi. Zaidi ya hapo, wewe. Usiweke kiwango cha manunuzi mamoja peke yake. Ukiweka 200,000 tu, kifaa cha 580,000 kitanunuliwa kwa risiti 3 za 190,000 na kitu, duka lilelile, siku zilezile. Wakati mwingine si wizi hata kidogo; mtu anataka tu kazi iende bila kukusumbua. Lakini mlango ukishafunguliwa hivyo, wa kesho yake atapita kwa nia nyingine. Kwa hiyo weka viwango viwili, na ongeza sharti kwamba malipo kwa muuzaji mmoja ndani ya siku 7 yanahesabiwa kama manunuzi mamoja.

Ukubwa wa kiwango uamue hivi: pesa hiyo ikipotea yote leo, je, mishahara ya mwisho wa mwezi itachelewa? Ikiwa jibu ni ndiyo, punguza.

La pili, mtu mmoja asishike mnyororo mzima. Anayeomba kitu, anayeidhinisha, anayelipa na anayelinganisha vitabu mwisho wa mwezi wasiwe mtu yuleyule. Mkiwa 6 hamwezi kupata watu 4 tofauti. Basi angalau anayelipa asiwe anayelinganisha taarifa ya benki na vitabu. Kazi hiyo ya kulinganisha ifanye wewe mwanzoni. Ni saa 2 kwa mwezi.

La tatu ni simu ya pesa, na hapa ndipo kampuni nyingi zinapovuja. Laini ya Mobile Money ya ofisi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanzilishi, na namba ya siri wanaijua watu 3. Pesa zikitoka, hakuna awezaye kusema ni nani alizituma, na hata asiyehusika hawezi kujisafisha. Fungua akaunti ya biashara kwa jina la kampuni. Kwa malipo ya watu wengi, tumia mfumo wa benki au wa kampuni ya simu unaotenganisha anayeandaa na anayeidhinisha, kila mmoja na namba yake ya siri. Lipa moja kwa moja kwa mpokeaji badala ya kutoa taslimu kwa wakala, kwa sababu kila unapotoa unalipa ada pamoja na ushuru wa asilimia 0.5 ya kiasi ulichotoa, na ukishatoa taslimu kumbukumbu inakatika.

La nne ni pesa ndogo ndogo za ofisi. Weka kiasi kisichobadilika, tuseme 500,000. Siku yoyote, saa yoyote, taslimu iliyomo kwenye sanduku pamoja na risiti na vocha vifike 500,000 kamili. Ukikuta taslimu 138,000, risiti na vocha ziwe 362,000. Unajaza tena 362,000, si zaidi. Fungua sanduku bila taarifa mara 1 kila wiki 2, mbele ya mwenye sanduku, na wote wawili mtie saini. Kwa bodaboda na wauza mboga wasio na risiti, vocha iwe na jina, namba ya simu, kiasi na saini ya aliyepokea.

Kwa upande wa benki, kuongeza watia saini kunahitaji azimio la bodi lililoandikwa. Panga makundi, kwa mfano A ni waanzilishi na B ni meneja na mhasibu, na uamue malipo yapi yanahitaji B wawili na yapi A mmoja na B mmoja. Kisha acha kabisa tabia ya kusaini hundi tupu kabla ya safari. Hundi iliyosainiwa bila kiasi ni pesa yote iliyomo kwenye akaunti, imewekwa kwenye droo.

Nikimwachia mhasibu kodi na NSSF, akichelewa ni kosa la nani?

Kazi unaweza kuikabidhi. Wajibu mbele ya Mamlaka ya Mapato (URA) na NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, unabaki kwa kampuni, na barua haitaandikiwa mhasibu.

Kwa hiyo usimwambie "shughulikia mambo ya URA." Mpe tarehe na ushahidi. PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa mishahara inayozidi 235,000 kwa mwezi, itangazwe na kulipwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) vilevile tarehe 15, kama mmesajiliwa; kiwango cha lazima cha kusajiliwa ni mauzo ya milioni 150 kwa mwaka. NSSF ni asilimia 15, yaani 10 ya mwajiri na 5 ya mfanyakazi, nayo mwisho wake ni tarehe 15. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, hata mwenye mfanyakazi 1 anachangia. PAYE au VAT iliyochelewa hutozwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi.

Makabidhiano yawe hivi: kufikia tarehe 10 mhasibu anakuonyesha mahesabu, tarehe 12 amelipa, tarehe 13 unapokea stakabadhi za malipo, si ujumbe wa "imekwisha, bosi." Siku 2 za akiba ni kwa ajili ya mtandao unaosumbua wakati kila mtu anakimbilia siku ya mwisho. Na kuingia kwenye tovuti ya URA kusitegemee barua pepe binafsi ya mhasibu. Iwe anuani ya kampuni. Kampuni hujikuta zimefungiwa nje ya akaunti zao za kodi kwa sababu hiyo moja tu.

Nimkabidhi nani? Nina binamu ninayemwamini.

Kumwamini mtu kuna maana mbili, na tukizichanganya tunaumia. Kuna kuamini kwamba hataiba, na kuna kuamini kwamba anaweza. Binamu anaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Kazi ya stoo inahitaji zote.

Hatusemi usiajiri ndugu. Biashara nyingi Uganda zimesimama kwa mikono ya familia. Ila mweke chini ya mtu mwingine, si chini yako moja kwa moja, na viwango vyake vya pesa viwe sawa na vya mwenzake wa cheo hicho. Ndugu asiyeweza kuulizwa na meneja wake anaua madaraka ya meneja huyo mbele ya wote.

Vinginevyo, angalia nani tayari wenzake wanamfuata kumuuliza kabla ya kukufuata wewe. Mtu huyo mara nyingi si mwenye cheo, wala si anayeongea sana mkutanini. Na usimkadirie mtu kwa ujumla, mkadirie kwa kazi: muuzaji wako bora mwenye miaka 4 ya uzoefu ni mgeni kabisa siku ya kwanza ya kusimamia wauzaji wengine. Anahitaji kushikwa mkono upya, na si dharau.

Makabidhiano yenyewe yafanyike vipi?

Kwa maandishi, ukurasa mmoja, akiuandika anayepokea kazi. Wewe eleza kwa mdomo, yeye aandike alivyoelewa, kisha msome pamoja. Tofauti kati ya ulichosema na alichoandika ndiyo makosa ambayo yangetokea mwezi ujao. Hapo yanasahihishwa bure.

Huu ni mfano wa karatasi ya msimamizi wa usambazaji Kampala:

Kazi: kupanga na kulipa bodaboda wanaopeleka oda.
Matokeo: oda iliyothibitishwa kabla ya saa 5 asubuhi ifike siku hiyohiyo, zisizofika zisizidi 5 kati ya 100 kwa wiki.
Naamua mwenyewe: nani apeleke nini, nauli mpaka 15,000 kwa safari, kumsimamisha dereva kwa siku hiyo, kumfidia mteja mpaka 20,000.
Nauliza kwanza: safari nje ya Kampala, Wakiso na Mukono, mzigo unaozidi thamani ya 2,000,000, kuongeza dereva mpya.
Natoa taarifa palepale: ajali, mzigo uliopotea, askari kushika pikipiki.
Bajeti: 1,800,000 kwa wiki.
Ripoti: Ijumaa saa 10 jioni, namba 4 tu: oda zilizotoka, zilizofika kwa wakati, zilizorudi, pesa iliyotumika.
Tunakaa kupitia: baada ya wiki 2, kisha kila mwezi.

Mstari wa "naamua mwenyewe" ndio moyo wa karatasi. Ukikuta uko mtupu au una maneno ya jumla kama "kusimamia vizuri," hujakabidhi kitu. Mstari wa "nauliza kwanza" nao ukiwa mrefu kuliko ule, rudi uupunguze.

Baada ya karatasi kuna hatua nne: anaangalia ukifanya, mnafanya pamoja, anafanya yeye ukikagua kabla haijatoka, anafanya yeye ukikagua ikishatoka. Hesabu marudio badala ya siku. Kupanga wasambazaji hutokea kila siku, kwa hiyo wiki 2 zinampa marudio 10 na zinatosha. Mishahara hutokea mara 1 kwa mwezi. Hapo unahitaji miezi 3 mizima, hata kama mtu ni hodari, kwa sababu mwezi wa kwanza hautaleta mfanyakazi aliyeacha katikati, wala aliyekopa mshahara, wala aliyejifungua.

Wengi huruka hatua ya tatu. Wanaonyesha mara 1, wanaondoka, kisha wanarudi baada ya mwezi na kukuta vurugu.

Amekosea. Niichukue kazi?

Kwanza uliza kosa limetoka wapi. Kama hakujua, ni mafunzo, na sehemu ya lawama ni yako. Kama alijua lakini hakuwa na kifaa, muda au pesa, ni wewe kabisa. Kama alijua, alikuwa na kila kitu na akapuuza, zungumza naye uso kwa uso na uandike mlichokubaliana. Kama alidanganya, kwa mfano ripoti ya Ijumaa inasema oda 96 zimefika na wateja 11 wanasema hawajaziona, hapo ndipo unaichukua kazi siku hiyohiyo.

Kosa lililo ndani ya viwango vyake, alilolitangaza mwenyewe, lisimpotezee kazi. Ulishakubali gharama yake siku mlipokubaliana 20,000 kwenye karatasi. Ukimfokea kwa hasara ya 18,000, kuanzia kesho atakuuliza kila kitu, na wenzake waliosikia watafanya vivyo hivyo.

Usirekebishe kazi kimyakimya usiku pia. Ukimwandikia upya barua ya mteja bila kumwambia, atarudia kosa lilelile mara 10 na hatajua kwa nini hujaridhika.

Nimekabidhi, lakini wafanyakazi na wateja bado wananipigia mimi.

Watapiga, kwa sababu ulijibu jana.

Kwa wafanyakazi, badili jibu. Akiuliza "Bosi, tufanyeje?" mwambie akuletee mambo matatu katika ujumbe mmoja: tatizo ni nini, njia 2 alizoziona, na ipi angechagua yeye. Mara nyingi utajibu "endelea na hiyo uliyochagua." Baada ya wiki chache ataanza kuchagua bila kukuandikia. Ikiwa uamuzi uko kwenye karatasi yake, mjibu "huo ni wako" na unyamaze, hata kama jibu unalijua na lingekuchukua sekunde 5. Sekunde hizo 5 ndizo ghali.

Kwa wateja jambo ni gumu zaidi, kwa sababu huku kwetu mteja mkubwa anataka kuongea na mwenye duka. Tuseme mwenye duka Kikuubo, soko la jumla la Kampala, ameomba punguzo la asilimia 8, mkuu wa mauzo amemwambia mwisho ni 5, kisha anakupigia wewe: "Mkubwa, kijana wako ananikazia." Ukimpa 8, umeuza mzigo mmoja na umempoteza mkuu wa mauzo. Kuanzia hapo kila mteja wa Kikuubo atampita na kukupigia wewe. Jibu hivi: "Mzee wangu, nashukuru umenipigia. Bei zote ziko kwake sasa. Nitamwambia akupigie kabla ya saa 9." Kisha mpigie mkuu wa mauzo. Kama unaona 8 inafaa, mwambie yeye, na yeye ndiye ampe mteja.

Siku ya makabidhiano mpeleke mtu huyo kwa wateja wako 10 wakubwa, ana kwa ana. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi kwa hao. Useme mbele yake: "Huyu ndiye anayeamua bei." Kukaa dakika 15 na kila mmoja kutakuokolea simu za mwaka mzima.

Tawi la pili liko Gulu au Mbarara. Nalisimamiaje kutoka Kampala?

Gulu ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo huwezi kupita ghafla baada ya chakula cha mchana. Meneja wa tawi apewe viwango vikubwa kuliko wenzake wa Kampala wa cheo hicho, kwa sababu kusubiri kwake kunagharimu zaidi. Akikwama Jumamosi bila ruhusa ya 300,000, duka linafungwa mpaka Jumatatu.

Badala ya kukaza ruhusa, kaza ushahidi. Mauzo ya taslimu yawekwe benki au kwenye akaunti ya kampuni kila siku kabla ya saa 4 asubuhi inayofuata, yote, bila kukata matumizi ndani yake. Matumizi yatoke kwenye pesa yake ya kudumu ya 500,000. Meneja akilipia mafuta ya jenereta kutoka kwenye mauzo, hutajua tena mauzo yalikuwa kiasi gani. Hesabu ya stoo ifanywe kila mwezi na mtu kutoka tawi jingine. Kama mmesajiliwa VAT, linganisha mauzo ya tawi na ankara za EFRIS (mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki) zilizotolewa siku hiyo; tofauti huonekana mapema.

Mimi na mwanzilishi mwenzangu tunapeana amri zinazopingana.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Gawaneni maeneo, kila eneo na jina moja tu, na muwatangazie wafanyakazi wote siku moja. Mwingine ana haki ya kushauri, hana haki ya kubatilisha. Mkitofautiana, mmalizane chumbani, si kwenye kundi la WhatsApp la kampuni.

Je, nimwongezee mshahara?

Kama umempa uamuzi na pesa za kusimamia kwa kudumu, ndiyo. Mwanzo mpe ukaimu wa miezi 3 kwa barua, pamoja na posho iliyoandikwa kando ya mshahara. Muda ukiisha bila mafanikio, anarudi kwenye nafasi yake ya awali bila kupunguziwa mshahara na bila aibu.

Imeshindikana kabisa. Sheria inanitaka nifanye nini?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, na kinaweza kuongezwa kwa makubaliano kwa muda usiozidi miezi 6 mingine. Ndani ya majaribio notisi ni siku 14. Nje ya hapo, aliyekaa kati ya mwaka 1 na miaka 5 anastahili mwezi 1.

Kabla ya kumwachisha kwa utendaji mbovu au utovu wa nidhamu, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa na umsikilize, naye ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua. Hapa karatasi ya makabidhiano na ripoti za Ijumaa zinakusaidia sana, maana zinaonyesha mlichokubaliana na kilichotokea. Mwajiri asiye na maandishi hubaki na neno lake tu.

Aliyekabidhiwa kazi akiondoka, nifunge milango gani?

Andaa orodha siku anapoanza, si siku anapoondoka. Iwe na watia saini wa benki, mtumiaji wake kwenye mfumo wa malipo ya simu, tovuti za URA na NSSF, EFRIS, barua pepe, kurasa za mitandao ya kijamii, jina la tovuti na nani analilipia, laini za simu, funguo za stoo, na makundi ya WhatsApp ya wateja ambayo yeye ndiye msimamizi wake. Hilo la mwisho husahaulika kila mara, na ni mali kubwa. Hakikisha kila kundi lina wasimamizi 2 tangu mwanzo.

Majina na namba za wateja ziwe kwenye mfumo wa kampuni, si kwenye simu yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaiwajibisha kampuni kwa taarifa hizo hata zikiwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Siku ya mwisho, badilisheni namba za siri akiwa bado ofisini, hesabuni sanduku la pesa pamoja, mtie saini wote wawili, na nakala moja aondoke nayo.